Nyuki Ndani ya Kinanda

Ambrosi Lugembe wa Ipole alipigwa na serikali tatu na hakulia mbele ya hata moja. Mjerumani alimlaza kifudifudi akamtia viboko hamsa wa ishirini kwa sababu mzigo wa risasi ulimdondoka njiani. Mbelgiji, alipouteka mji wa Tabora, alimchapa kwa sababu hawakuelewana lugha. Na Mwingereza, ambaye tuliambiwa ni mstaarabu, alimchapa kwa hati, karani akisimamia. Mara zote tatu Lugembe aliinuka, akafunga shuka yake, akaondoka macho makavu. Watu walimheshimu kwa hilo. Mimi nasema ilikuwa heshima ya bure, maana uchungu aliouzuia mbele ya wakubwa aliumwaga nyumbani kwa ngumi. Muulize mkewe Bernadeta, ambaye jino lake la mbele lilizikwa nyuma ya jiko. Mkuki kwa nguruwe.

Mtu mmoja tu hakuinuliwa mkono katika nyumba ile, naye ni binti yao Tekla. Tangu akiwa mdogo baba yake alikwenda naye porini kutundika mizinga, akamfundisha kumtambua nyuki anayetafuta nyumba na nyuki anayerudi nyumbani. Alipopata kazi ya uyaya kwa katibu wa klabu ya Wazungu pale mjini Tabora, kila Jumapili baada ya misa alimletea baba yake sukari. Siku hiyo Lugembe hampigi mtu.

Katibu huyo watu walimwita Bwana Henzirani, kwa ajili ya fimbo ya henzirani aliyotembea nayo. Lugembe alikuwa fundi wake wa mbao. Mwaka 1934 ikaja habari kwamba Wazungu watatu watafika kwa treni kupiga fidla, filimbi na kinanda, na kinanda cha klabu kilikuwa kimepasuka mgongo kwa joto.

"Kizibe," Bwana akaamuru. "Na kikikoroma siku ya ngoma, nitakuchuna ngozi."

Lugembe akauziba ufa kama baba yake alivyoziba mizinga, kwa nta. Tena nta nyeusi ya masega ya zamani, isiyochujwa, kwa kuwa ndiyo inayoshika. Fundi wa pwani angetafuta gundi. Na mrina asali yeyote wa Ipole anajua kwamba nta hiyo hiyo ndiyo hupakwa ndani ya mzinga mpya ili kuwaita nyuki. Lugembe naye alijua, ila siku ile alikuwa akiifikiria ngozi yake, akasahau kazi aliyozaliwa nayo. Ukumbi ukafungwa, ufunguo ukakaa mfukoni mwa Bwana wiki tatu.

Jumatano kabla ya ngoma alipita nyuma ya ukumbi. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika, na nyuki walikuwa wakiingia wamebeba chavua miguuni. Nyuki mwenye chavua ana watoto ndani. Akaweka sikio ukutani, akasikia ukoo mzima.

Hakusita, hilo tumpe. Alikwenda mbio mpaka barazani, akapanda ngazi bila kuitwa, Bwana akiwa anakunywa na wageni wake.

"Shikamoo Bwana, ndani ya kinanda..."

"Nani amekuita?" Henzirani ikamwangukia mdomoni.

"Bwana, kinanda..."

Ikamwangukia ya pili, na ya tatu, mpaka mdomo ukapasuka na wageni wakacheka. Lugembe akashuka ngazi moja moja akitema damu. Macho makavu.

"Haya," akajiambia. "Umekataa kuambiwa na mimi. Watakuambia wao."

Akanyamaza Jumatano ile, Alhamisi na Ijumaa. Bernadeta alimkanda mdomo kwa maji ya chumvi, akamuuliza kulikoni, akalipwa kofi. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na Lugembe aliusubiri mshindo wake kama watu wanavyosubiri harusi. Kwamba hao wapigaji watatu hawakumkosea kitu, jambo hilo lilimjia akilini akalifukuza. Kuhusu Tekla hakuwa na wasiwasi. Klabu haikuruhusu watoto, kwa hiyo yaya angebaki nyumbani kwa Bwana na mtoto wake.

Jumamosi treni ilichelewa. Wapigaji walitoka stesheni moja kwa moja hadi ukumbini, saa kumi alasiri, hata kukijaribu kinanda hawakukijaribu. Lugembe alikaa juu ya rundo la kuni nyuma ya jiko la klabu. Filimbi ilianza peke yake, nyembamba, ikipigwa na mwanamke, fidla ikaijibu, kinanda kikaingia chini yao polepole. Ilimuudhi kuona kwamba inampendeza. Wao walikuwa watatu, lakini yeye alisikia wa nne, mngurumo ambao bila shaka mle ndani waliudhani ni wa kinanda. Ukazidi kupanda. Kisha mpiga kinanda akafika mahali pa kugonga, akagonga kwa mikono yote miwili.

Nyuki hawapendi kugongewa nyumba.

Viti vilianguka, vioo vikapasuka. Mwanamume mmoja alitokea dirishani, uso wote mweusi kwa nyuki, akaanguka kwenye vigae akijiparura mpaka damu. Mpiga fidla alitoka akijibamiza fidla yake kichwani, akaibamiza mpaka ikabaki shingo na nyuzi. Mwanamke wa filimbi alikuwa akitapika huku anakimbia. Lugembe alicheka. Alicheka kwa mdomo ule uliopasuka mpaka ukatoka damu upya. Fuata nyuki ule asali, tumefundishwa. Leo nyuki ndio waliofuata watu.

Ndipo Masolwa, mpishi wa klabu, akatoka mlangoni akijipiga mashavu. "Lugembe! Tekla yumo ndani! Memsahibu alimwita amlete mtoto asikie filimbi!"

Lugembe alinyakua jikoni kuni yenye moto, akaiviringishia gunia lililolowa, akaingia na moshi wake pale ambapo wote walikuwa wanatoka. Mpiga kinanda alikuwa amelala kifudifudi juu ya kinanda chake, na kila alipotikisika kinanda kililia, na nyuki wakazidi. Bwana Henzirani alikuwa chini ya meza akichapa hewa kwa fimbo. Lugembe alimruka. Kwenye kona Tekla alikuwa ameinama juu ya mtoto, amemfunika kwa kanga yake yote, mwenyewe kichwa wazi. Hakupunga mkono wala hakupiga kelele, kwa kuwa ndivyo baba yake alivyomfundisha. Nyuki walijilia uso wake kwa nafasi. Lugembe akawabeba wote wawili.

Mpiga kinanda alikufa kabla ya jua kuchwa. Mtoto hakuumwa hata mara moja. Tekla alipona, ila jicho lake la kushoto halikufunguka tena. Siku ya tano, uvimbe ulipopungua, akaweza kusema.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Kifuniko cha kinanda kilipoanguka niliona masega. Wale hawakuwa nyuki wa jana. Wewe hukuwaona?"

Lugembe, aliyewahi kuvunja jino la mtu kwa swali dogo kuliko hilo, aliangalia sakafu. "Niliwaona Jumatano."

Tekla akageuza uso ukutani. Hakumwita baba tena.

Kesho yake Lugembe alioga, akavaa shuka safi, akapanda ngazi za barazani bila kuitwa. Bwana alikuwa amekaa, uso bado umevimba, fimbo imeegemea kiti.

"Bwana, nilijua tangu Jumatano. Na nta iliyowaita niliipaka mimi. Nichape."

Akalala kifudifudi kwenye saruji, mwenyewe, bila kulazwa na mtu. Akasikia kiti kikisogezwa. Akafumba macho, akakaza mgongo. Kilichomwangukia begani ni kiganja cha Bwana, kikimpapasa.

"Inuka, mzee. Uchungu wa binti yako ndio unaokusemesha hivyo. Umemwokoa mwanangu. Hapa Tabora hakuna atakayekugusa tena."

Kisha akamwita Masolwa, akamwamuru alete ratili mbili za sukari. Lugembe aliipokea kwa mikono miwili. Akasimama pale barazani na sukari yake, mbele ya Bwana, mbele ya Masolwa na watumishi wote wa klabu, akalia.