Bibi Aliyefumba Macho

Juzi nilikuwa Kariakoo, kwenye mojawapo ya hizi studio mpya zenye mashine ya kusafisha picha za rangi kwa saa moja. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja wa Magomeni, amefuata picha yake. Aliitazama, akairudisha kaunta.

"Mwanangu, hapa nimefumba macho."

"Ndivyo ulivyotoka, bibi," mpiga picha akamjibu, huku akimwita mteja mwingine.

"Hukuniambia tayari. Wanangu wakiiona hii watadhani nimekufa."

"Bibi, watu wanasubiri."

Nilipandwa na hasira. Nikampeleka bibi mtaa wa pili, kwa mzee wa Kihindi mwenye kamera ya miguu mitatu. Mzee alimpa kiti, akamshikia kioo ajiweke sawa ushungi, akamuuliza habari za wajukuu. Nusu saa ilipita hajagusa kamera. Bibi alipocheka, akabonyeza mara moja tu.

"Hurudii?" nikamuuliza.

"Ya nini? Nimeshamwona."

Tunaambiwa soko huria limetuletea maendeleo. Sawa. Mashine ya saa moja tunayo, ila wa kumtazama bibi kwa dakika moja ndiye hatujamwagiza.