Cherehani Katikati ya Njia

Syokau alivunjwa mkono kwenye njia ya miguu inayotoka Kimbo kwenda Gitothua, asubuhi na mapema, akipeleka sare za shule alizokuwa ameshona. Vijana wawili walitoka kwenye shamba la kahawa lililoachwa likawa kichaka. Mmoja alimnyang'anya mkoba, mwingine akamsukuma akaangukia mkono wa kushoto. Njau, mwenyekiti wa bodaboda wa hapo Kimbo, alisikia kelele akaja, akambeba hadi hospitali.

Wanawake wengi walikuwa wameporwa pale. Majirani wakamshauri azunguke na barabara kubwa kama wengine.

"Hiyo njia achana nayo, Mama Dianah," Waruguru, muuza mboga, alimwambia.

"Nimeipita tangu nihame Matuu na mtoto wangu Dianah mgongoni," Syokau akajibu. "Waiache wao."

Chifu aliitisha baraza. Mzee Kiama, mwenyekiti wa wenye ploti, alisimama akasema dawa ni moja: njia ifungwe kwa geti, ufunguo ukae kwake, na vijana wa boda wafukuzwe hapo steji wanapongojea abiria kwa sababu wao ndio wanaoleta wezi. Watu wakapiga makofi. Njau alijaribu kusema, wakamzomea hadi akaketi.

Syokau akainuka, mkono umefungwa plasta.

"Mzee Kiama, walionivunja niliwaona sura. Si wa boda. Aliyenibeba ni huyu mnayemzomea. Nilipiga kelele, na wenye nyumba za karibu wakafunga madirisha."

"Mama, wewe ni mpangaji tu. Hii ni shughuli ya wenye ploti."

"Mkono uliovunjika ni wa mpangaji pia."

Baraza liliisha bila uamuzi, lakini Kiama hakungoja. Juma ambalo plasta ilitolewa, fundi wa kuchomelea vyuma alifika na nguzo za geti. Akamkuta Syokau ameketi katikati ya njia chini ya mwavuli, cherehani mbele yake, anashona. Mkono ulikuwa bado unamuuma na kitambaa kilikuwa kinamteleza, ila alishona.

"Mama, sogea kidogo nichimbe," fundi akasema.

"Niko kazini. Chimba kwingine."

Fundi akampigia Kiama simu. Kiama akaja amekasirika, na nyuma yake akaja chifu.

"Mzee, una ruhusa ya kufunga hii njia?" chifu aliuliza. Kiama akamwashiria fundi arudishe nguzo zake. Chifu akamgeukia Syokau. "Na wewe, Mama Dianah, huwezi kukaa hapa peke yako. Ni hatari."

"Basi msiniache peke yangu."

Njau, aliyekuwa akitazama kutoka steji, akasukuma pikipiki yake hadi pale, akaiegesha kando ya cherehani. Kesho yake Waruguru akahamishia hapo meza yake ya sukuma wiki. Siku zilivyokwenda, wanaboda wakaanza kuwasindikiza wanawake wanaokwenda kazini viwandani alfajiri. Akina mama wa kanisa wakamfuata mwenye shamba hadi akakubali kichaka kikatwe, na wanaboda ndio walioshika panga. Chifu akaongea na kituo cha polisi, askari wakaanza kupita hapo. Walikubaliana jambo moja: mwizi akishikwa, anapelekwa kituoni.

Makubaliano hayo yalijaribiwa jioni moja. Kijana alimpora msichana simu, wanaboda wakamfukuza wakamkamata karibu na meza ya Waruguru. Watu walijaa mara moja. Mawe yakaokotwa, mtu akaja akiviringisha tairi. Syokau alijipenyeza hadi mbele, akamwona uso. Ndiye aliyemsukuma.

Alisimama kati yake na watu.

"Mama Dianah, toka hapo," Njau akasema. Naye alikuwa na jiwe. "Huyu ndiye alikuvunja. Si ni huyu?"

"Ni yeye."

"Sasa unamtetea aje?"

"Simtetei. Tulikubaliana. Tukimchoma hapa, watoto wetu watapita wapi kesho? Watapita wakituogopa sisi." Akapanua mikono kumkinga kijana. "Anayetaka kurusha, arushe. Atanipiga mimi kwanza."

Jiwe moja lilirushwa, likampiga begani. Hakusogea. Njau akatazama lilikotoka, akaangusha la kwake, akaja kusimama kando yake, na wanaboda wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Mzee Kiama alikuwa pale, simu sikioni, akiwaelekeza polisi mahali pa kufika. Alipomaliza, naye aliingia kwenye duara lao akiwa na koti lake la kanisani, hadi polisi walipofika wakamchukua kijana.

Mama wa yule kijana alikuja kwa Syokau baadaye, akalia, akamwomba afute kesi. Syokau alimpa chai, akalia naye kidogo, halafu akamwambia hapana. Akaenda mahakamani Thika akasema alichoona. Kijana alifungwa. Mwenzake hajawahi kupatikana.

Njia sasa ina watu tangu alfajiri, ila bado kuna giza sehemu ya bondeni, na msimu wa mvua uliopita mwanamke mwingine aliporwa huko. Waliomba kaunti taa za njiani, wakaahidiwa, wakangoja. Mwishowe waliamua kwenda wenyewe ofisi ya kaunti: Syokau, Njau, Waruguru na Mzee Kiama, pamoja na kundi la akina mama wa kanisa.

Askari wa mlangoni akawazuia.

"Mmeitwa?"

"Hatujaitwa," Syokau akasema. "Tumekuja kuuliza taa zetu."

"Mkubwa ana mkutano. Rudini wiki ijayo."

Mzee Kiama alitaka kueleza kwa upole, lakini Syokau alikuwa ameshampita askari na kuketi kwenye benchi la ukumbini. Wengine wakaingia wakaketi naye, na waliokosa nafasi wakasimama ukutani, wakingoja mkutano uishe.