Mwimbaji Mgeni

Mzee Harithi, jirani yangu hapa Miyuji, ana sanduku la bati lililojaa vikaratasi vya matangazo ya dansi vya mwanzoni mwa miaka ya sabini. Enzi hizo vijana waliovaa suruali pana za bugaluu walipiga roki kwa magitaa ya umeme, na wachapaji waliwachorea herufi nene zilizopindapinda kama minyoo baada ya mvua, rangi ya chungwa juu ya zambarau. Asiyejua husema mzee amerukwa na akili. Hata mimi nilisema hivyo, Mungu anisamehe.

Anachotafuta ni jina moja tu. Dada yake aliitwa Mgeni. Mwaka 1971 aliondoka nyumbani na bendi, na baada ya miaka miwili ikaja habari kwamba amefariki Tabora na amezikwa huko huko. Baba yao, mzee Bushiri, aliapa kwamba binti hakwenda kuimba bali kujiuza, akakataza asitajwe. Alikufa na kauli hiyo. Tangu hapo Harithi akiulizwa hujibu kwamba dada yake alipotea.

Sasa ona lugha yetu inavyoweza kumtesa mtu. Vikaratasi kadhaa alivyonavyo vimeandikwa, kwa herufi kubwa tupu, MWIMBAJI MGENI. Aliwaonyesha wenzake wa msikitini, wakacheka: kila bendi hualika mwimbaji mgeni, hilo nalo ni jina la mtu?  Nilimwona alivyovirudisha sandukuni kimoja kimoja, na nikaumia.

Mwezi wa tatu alipigiwa simu kutoka Mpwapwa. Bibi Paulina, mwalimu mstaafu, alikuwa amesikia habari zake, naye alikuwa na kikaratasi. Nikamsindikiza mzee. Baada ya shikamoo na chai, bibi alileta daftari kuukuu la hesabu. Zamani karatasi yoyote ngumu ilitumika kujalidia madaftari ya watoto, maandishi yakilazwa ndani na upande mweupe ukibaki nje ili jina liandikwe. Hapo nje, kwa wino uliofifia, palikuwa na mwandiko wa mtoto: Stanley Yotham, Darasa la Tatu. Alikuwa mwanawe. Surua ilimchukua kabla hajaingia la nne.

Ukingo uliokunjwa ndani ulikuwa umebanduka, ukaonyesha MWIMBAJI MGE, basi. Mengine yalikuwa yamegandishwa kwa uji wa unga. Bibi Paulina akasema tuilowanishe karatasi kwa maji ya moto, itabanduka. Wino wa mtoto nao ungeondoka, na mwalimu aliyefundisha miaka thelathini hakosi kulijua hilo. Alikwishainuka kufuata birika.

Harithi akamshika mkono. Akaomba ruhusa, akafungua jalada, akaliinua dirishani mpaka jua likapenya. Akasoma polepole, kidole kikifuata herufi. Neno lilikuwapo mara mbili: MWIMBAJI MGENI: MGENI BUSHIRI.

 Kisha akalifunga daftari, akalirudisha kwa mikono miwili. Picha nilikuwa nimepiga kwa simu yangu, lakini hakuniomba kuiona.

Bibi Paulina alilipakata daftari lake. "Huyo Mgeni ni nani wako?" akauliza.

"Ni dada yangu," Harithi akasema. "Alikuwa mwimbaji."