Mbuzi wangu walijifunza Kijapani, mmoja akaniharibia sherehe

Wakuu, habari zenu.

Mimi ni shosho wa hapa Kiwanjani, Isiolo. Shule niliacha mapema, kwa hivyo mkiona nimekosea kuandika, someni mkinyamaza. Haya yametokea kwangu, chumvi sijaongeza.

Mjukuu wangu Akiru alikuwa anasoma Kijapani chuo cha hapa mjini, ili aende huko kutunza wazee. Mimi mzee wake wa hapa nyumbani hata chai ananipa baridi, lakini tuendelee.

Shida ilikuwa vocabulary. Asipopita exam ya mwisho, hakuna graduation, hakuna safari. Na maneno hayakai. Asubuhi anaimba kama kasuku, jioni kichwa kitupu.

Nikamuuliza, "Mbuzi wangu unawajua?"

"Wote, Shosho."

"Ulikariri?"

Akacheka. "Si nawaona tu kila siku."

"Basi wape hayo maneno yako yawe majina."

Yule mkorofi wa kuruka ua akawa Shiken, yaani mtihani. Mama mzee mwenye ndevu akawa Sensei, mwalimu. Yule wa kulialia kila jioni akaitwa Shukudai, kazi ya nyumbani. Jirani alisikia tukiwaita, akaniuliza kama tumeanza kunena kwa lugha.

Nilimkataza kitu kimoja tu. Yule mweupe mnono asiguswe, ni wa sherehe akipita. Kwetu mbuzi wa kisu hapewi jina. Ukishamwita, nyama yake haipiti kooni.

Siku ya matokeo alikuja mbio mpaka kiatu kikabaki njiani. "Shosho, nimepita! Kila swali nilikuwa naona mbuzi!"

Haya. Wageni wakaja, sufuria ikawekwa motoni, nikachukua kisu nikaenda zizini. Akiru amesimama mlangoni, ananitazama kama mtu amevunja kikombe.

Nikajua. "Anaitwa nani?"

"Sotsugyo."

"Maana yake?"

"Kuhitimu. Hilo neno lilikataa kabisa kuingia, Shosho, mpaka nikampa yeye."

Nikamwambia nitamchinja na Kijapani chake. Lakini mnono alikuwa amejificha katikati ya wenzake, na miguu yangu si ya kukimbizana. Nikaita mwenyewe, kwa ukali:

"Sotsugyo!"

Akatoka mbio. Akaja akanilamba mkono, huo huo wenye kisu.

Wageni walikula chapati na maharagwe. Mjomba wake Akiru mpaka leo hajanisamehe.

Akiru sasa yuko huko Japani. Akipiga simu, anamuulizia mbuzi kabla yangu. Na huyo Sotsugyo yupo tu, hana kazi, anamaliza mboga yangu ya sukuma.

Funzo ni hili: njia inafanya kazi, jaribuni na watoto wenu. Lakini mbuzi wa sherehe mfiche kwa jirani.

Sasa semeni, nyinyi mngechinja? Anayesema ndiyo aje Kiwanjani na kisu chake. Lakini amwite kwanza.