Magunia Mawili ya Samadi

Sitaki kujitetea. Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa kujidai.

Nilikuwa nikitunza mtambo wa maji taka wa hoteli moja nje ya Voi. Ndani ya tangi bakteria hula uchafu, kisha pampu hufyonza maji kupitia vichujio vyembamba kama kitambaa, yakatoka meupe kabisa. Yaliteremka hadi mto mkavu ambako dada yangu alifukua mchanga kupata maji ya kunywa. Siku moja aliniuliza, “Kaka, hayo maji yenu yako sawa kweli?” Nikamcheka. Akaacha kuyachemsha.

Basi wasafishaji wakamwaga dawa kali ya sakafu kwenye mabomba, bakteria wakafa. Mhandisi akasema tusubiri tope lenye bakteria kutoka mtambo mwingine, Mombasa. Tusubiri! Mimi ni mtu wa Werugha bwana. Kwetu choo cha shimo kikianza kunuka hutiwa samadi mbichi ya ng'ombe, kikatulia. Nikapanda milimani kwetu, nikarudi na magunia mawili. Nikamimina yote bila kumwambia mtu.

Wiki ya kwanza, raha tupu. Ya pili, mshale wa geji inayopima mvutano wa pampu ukaanza kupanda. Nyuzi za majani kwenye samadi zilikuwa zimejisokota katika vichujio, ute ukazigandisha, na maji yakakosa pa kupita. Ningesema. Lakini ningesema nini, kwamba nimetia mavi ya ng'ombe kwenye mashine ya watu? Nikaongeza nguvu ya pampu. Maji yakapita kidogo, lakini mshale ukazidi kupanda. Kila asubuhi nilifika kazini macho kwa geji tu.

Asubuhi moja pampu ilipozimika ndipo nikazunguka nyuma ya tangi. Lo! Lilikuwa linafurika, tope la kijivu likiteremka mtoni. Na chini ya lile tope bichi kulikuwa na jingine, limekauka kwenye nyasi. Halikuwa la siku hiyo.

Nilikimbia mpaka kwa dada yangu bila hata kufunga geti. Nilimkuta mlangoni, amempakata binti yake mdogo, kikombe mdomoni mwa mtoto.

“Usimpe hayo!” nikapiga kelele.

Akanitazama kama mwendawazimu.

“Kaka, mtoto anaharisha tangu juzi,” akasema. “Zahanati wameniambia nimpe maji mengi.”