Vifaa vya Kutupa Tulivyoviosha

Siku ile siisahau, mwanangu, na nakueleza leo kwa sababu kesho unaanza kazi ya kulaza wagonjwa usingizi, nami sina raha.

Nilikuwa sista kijana katika hospitali moja ndogo hapa Kampala. Kile kifaa chenye taa, tunachoinulia ulimi wa mgonjwa ili tupitishe mpira wa kupumulia, kilikuwa cha chuma. Kilituchosha: kusugua, kutakasa, kujaribu balbu. Vilipoletwa vya plastiki, vya kutumia mara moja na kutupa, tulishangilia kama watu wa arusi. Na kweli vilikuwa safi kuliko chuma kilichooshwa na mtu mwenye haraka. Vya chuma tukavifungia kabatini, betri zake zikaishia kwenye redio ya mapokezi.

Kisha vile vya plastiki vikapungua. Tukaanza kuviosha kwa klorini na kuvianika dirishani. Mzee Ramadhani, Mnubi aliyekuwa mkuu wetu wa usingizi, akainua kimoja kwenye mwanga. Kilikuwa kimefifia kama kioo cha bafuni.

"Sista, hii kitu ni ya kutupa. Mukiosha, inakuwa chuma?"

Akaomba vipya ofisini, akaambiwa avumilie.

Wiki ileile akaletwa mama mmoja Mkongomani, muuza vitenge wa soko la Kikuubo, azalishwe kwa upasuaji. Alipolala, Mzee akaingiza plastiki, taa haikupenya. Nikakimbilia kabatini, nikamletea cha chuma, hakiwaki. Hewa ya barakoa nayo ikagoma kuingia. Mtoto tulimpata. Mama yake tulimpoteza.

Mumewe hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Sista, bibi yangu alikuwa anapumua wakati nilimuleta."

Kinachonivunja moyo ni kwamba juzi nilikwenda kumwona jirani yangu aliyelazwa, nikapita nje ya chumba cha upasuaji, nikaviona tena vimeanikwa dirishani. Nikawaambia wauguzi hatari yake. Wakaniita jajja, yaani bibi kizee, wakanipa kiti.

Mwanangu, sikuambii chuma ni bora wala plastiki ni bora. Cha kutupa, kitupe. Cha kutunza, kitunze, na taa yake uiwashe kabla mgonjwa hajafumba macho. Ukiona vyote viwili havipo, sema mapema, hata wakununie. Sidhani watakusikiliza. Sema hivyo hivyo. Mungu akupe moyo wa kusema, na wagonjwa wako warudi nyumbani wakipumua.