Mwanga Aliouona Baba Peke Yake

Nilipofika nyumbani na wenzangu wa kazi, baba alikuwa ameshafyeka shamba lote la juu. Miti ya mbao aliyoipanda mwaka niliojiunga na chuo kikuu ilikuwa imelala chini, matawi yamekatwa, magogo yamepangwa kando ya ua. Pale wazi katikati alikuwa amechomeka vigingi na kuvifunga vitambaa vyekundu.

“Hapa ndipo miguu ya busta itasimama,” alituambia hata kabla hatujamaliza kusalimiana. Kwetu hakuna anayesema mnara wa simu. Ni busta.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, koti la siku za harusi na mazishi, na chini gambuti zenye matope. Nyuma yake walisimama wazee wengine wa kanisa, walioalikwa waje kushuhudia. Baba alinishika bega akawageukia.

“Huyu ndiye mkubwa wao,” alisema. “Hawa wengine anawaongoza yeye.”

Mimi sikuwa mkubwa wa mtu yeyote. Mwenzangu, mwanamume wa makamo kutoka upande wa Murang’a, alikuwa amenitangulia kazini kwa miaka mingi, na yeye ndiye angetia sahihi ripoti ya siku ile. Alinitazama, akatabasamu, akawapa wazee mkono mmoja mmoja kama mdogo wangu. Nilitamani dereva awashe gari tuondoke.

Kazi yangu ni kupanga masafa ya redio ya mtandao wa simu. Ninasaidia kuchagua mahali pa kusimamisha mnara, antena ziwekwe juu kiasi gani, zielekee wapi, na kila moja itumie masafa gani ili isigombane na ya jirani yake. Nilijifunzia kazi hii Kitui, upande wa Tseikuru na Mutomo, ambako nchi ni tambarare na mawimbi hukimbia mpaka yachoke yenyewe. Kwetu Makueni, chini kidogo ya Nunguni, ni kupanda na kushuka tu. Kila nyumba ina mlima wake wa kuiziba.

Kwa hiyo, mtaa wetu ulipoingia katika mpango, nilijua itakuwa kazi ngumu. Sehemu za kuangaliwa zilikuwa chache, na mojawapo ilikuwa shamba letu. Nilimweleza msimamizi wangu kwamba hapo ni kwetu. Akasema niende tu kwa kuwa najua njia, lakini uamuzi atautoa mwenzangu. Halafu nikampigia mama simu kumjulisha nakuja. Nilimwambia tunakuja kuangalia tu. Mama akamwambia baba, na baba akaliambia kanisa. Neno “kuangalia” sijui lilidondokea wapi njiani, kwa sababu lilipofika kanisani halikuwepo tena.

Mnara haufanyi kazi peke yake. Lazima uonane uso kwa uso na mnara mwingine ulio tayari, ili upokezane nao simu za watu. Wetu ungeonana na ule ulio kilimani karibu na Nunguni. Kompyuta ilikuwa imeshatuambia kwamba kutoka kwa baba hauonekani, kuna mgongo wa mlima wenye msitu katikati. Lakini kompyuta hukosea, kwa hiyo huwa tunathibitisha kwa macho. Fundi mmoja hupanda ule mnara wa zamani akiwa na kioo, akarudisha jua kwetu. Nasi tukisimama mahali papya tunatafuta ule mmweko kwa darubini. Ukiuona, mambo ni mazuri.

Mwenzangu alitaka kumpigia yule fundi, simu ikakataa.

“Njoo,” baba alimwambia, akampeleka mpaka kwenye jiwe lililo kando ya zizi. “Panda hapa. Sasa geuka upande wa kanisa. Usisogee.”

Mwenzangu akapanda, akageuka, na simu ikaita. Hapo ndipo baba alipokuwa akisimama kila aliponipigia. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwambia, “Baba, sauti yako inakatika, sogea kidogo,” naye alikuwa juu ya jiwe asiweze kusogea popote.

Fundi alisema ameanza kumulika. Mwenzangu akaweka darubini machoni. Mbingu ilikuwa safi, jua kali. Akatafuta, akanipa mimi. Niliona msitu, niliona mgongo wa mlima, na juu yake anga tupu. Nikamrudishia. Akamwomba fundi ahame upande mwingine wa mnara, amulike tena. Wazee wa kanisa walisimama kama watu wanaosubiri kusomewa matokeo.

“Pale!” baba alisema ghafla. “Nimeona!”

Tulimgeukia.

“Wapi, mzee?” mwenzangu akamuuliza kwa upole.

“Pale, juu ya ile miti. Imemulika, halafu imezima. Wewe hukuona?” Kisha akanigeukia mimi. “Mwiitu wakwa, wewe umeona. Si umeona?”

Mwiitu wakwa ni binti yangu. Hajawahi kuniita hivyo mbele ya wageni. Nikachukua darubini tena, kwa sababu sikujua mikono yangu niifanyie nini, nikatazama pale alipoelekeza kidole. Palikuwa na msitu tu. Mwenzangu alijifanya anasoma kitu kwenye simu yake. Dereva aliinama akaanza kuangalia tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.

“Imemulika tena!” baba alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda. “Hiyo hapo, jameni! Hata nyinyi wazee hamkuona?”

Mzee mmoja akasema labda ameona kitu. Mwingine akakohoa.

Nikasema, “Mzee, tafadhali. Tuache tufanye kazi.”

Sikusema baba. Nilisema mzee, kwa sauti ninayotumia kwa wenye mashamba wote, wale wanaotufuata nyuma wakitaka kujua watalipwa lini. Nilisikia neno likitoka, na sikuweza kulirudisha.

Baba aliteremsha mkono wake. “Sawa, injinia,” alijibu, akarudi nyuma akasimama kando ya magogo yake.

Chakula kilikuwa tayari. Mama alikuwa amechinja kuku na kupika muthokoi wa mahindi na maharagwe, na wageni hawaondoki kwetu bila kula. Baba ndiye aliyeomba. Alimshukuru Mungu kwa safari yetu, akamshukuru kwa elimu ya watoto, kisha akamshukuru kwa busta itakayojengwa katika shamba hili ili mataifa yote yasikiane. Alijua. Nina hakika kwamba wakati ule alikuwa ameshajua haitajengwa, lakini wenzake walikuwa wamefumba macho mezani pake, na aliomba mpaka mwisho. Mwenzangu wa Murang’a alisema amina kwa sauti kuliko sisi wote.

Garini hakutaja kioo. Alisema tu, “Baba yako ni mtu mzuri sana,” na mimi nikageuza uso dirishani mpaka tulipofika barabara ya lami.

Mnara ulikwenda kwenye mgongo wa ng’ambo, shamba la mama mjane ambaye hakuwa amefyeka chochote. Siku tuliyofika kwake alikuwa akipalilia maharagwe, akatuuliza kama tumepotea njia. Pale kioo kilimulika mara moja tu, na wote tukakiona.

Sikumpigia baba kumwambia. Nilijiambia kwamba si kazi yangu kutangaza, barua zitatoka ofisini. Habari aliipata kwa malori. Mama alinisimulia baadaye kwamba lori la kwanza lenye vyuma lilisimama langoni kwetu, na baba akatoka mbio akiwa na shati tu, anafungua lango. Dereva akamuuliza njia ya kwenda kwa mjane. Baba akapanda ngazi ya lori, akashikilia mlango, akawapeleka mpaka pale. Akarudi kwa miguu.

“Alisema nini?” nilimuuliza mama.

“Alisema ile barabara haitawabeba mvua ikinyesha. Ni hivyo tu.”

Mnara ulipowashwa nilirudi kwa kazi ya kuurekebisha. Tunazunguka na gari lililojaa simu za kupimia, tukipita kila njia, na ramani inajichora yenyewe: kijani penye mawimbi mazuri, nyekundu penye mabaya. Antena moja ilielekea sokoni, zahanati na shule, kama ilivyopangwa tangu mwanzo. Nyuma ya shule, kwenye mstari uleule, kuna nyumba yetu. Nilipopita langoni kwetu simu zote zilijaa mawimbi. Sikuwa nimefanya chochote. Nyumba ilikuwa tu mahali ilipo.

Upande wa mtoni ulikuwa mwekundu mtupu. Watu wa kule hawakuwa wamepata kitu. Ningeweza kuinua ile antena kidogo na kuigeuzia kwao, lakini mawimbi yangevuka bonde na kufika kwenye mnara mwingine wa mbali, unaotumia masafa yaleyale, na watu wa pande zote mbili wangeanza kusikia simu zikikatika katikati ya maneno. Kwa hiyo niliiinamisha zaidi. Hata leo ningefanya hivyohivyo, na mwenzangu alikubaliana nami.

Nililala nyumbani, na kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulikwenda kanisani sote watatu. Wakati wa ushuhuda ulipofika baba akasimama, akapita mbele na koti lake.

“Bwana asifiwe.”

“Amina!”

“Mnajua mimi nilikata miti yangu. Mlinicheka, wengine, nawajua.” Watu wakacheka. “Busta ilienda kwingine. Ni sawa, ni mipango ya Mungu. Lakini mtoto wangu hakunisahau. Aliigeuza uso ikatutazama. Leo naongea na ndugu yangu wa Mombasa nikiwa nimelala kitandani!”

Makofi yakalia. Mama alipiga pia. Mwanamke aliyekaa mbele yangu aligeuka, akanishika goti kwa furaha.  Nilipaswa kusimama niseme kwamba hakuna aliyemgeuzia mtu chochote, ilipangwa hivyo kabla sijagusa ramani. Lakini baba alikuwa amesimama pale mbele, na uso wake sikuwa nimeuona hivyo tangu siku ya miti. Nilibaki nimekaa, nikaimba wimbo uliofuata.

Nje ya mlango mama mmoja alinisubiri. Ni yule aliyenifundisha shule ya Jumapili nikiwa mdogo, na anaishi upande wa mtoni. Alinisalimia, akauliza kazi, akauliza afya. Kisha akasema polepole, “Na sisi tulikukosea nini?”

“Wapi, mama?”

“Kule kwetu hakuna kitu. Mume wangu akizidiwa, nakimbia mpaka huku shuleni ndipo nipate kumpigia kijana aje na pikipiki. Nikasema labda busta haifiki. Kumbe inageuzwa.”

“Si mimi niliyeigeuza, mama. Ilipangwa hivyo.”

“Baba yako amesema mbele ya madhabahu. Anasema uongo?”

Baba alikuwa hatua chache kutoka pale, anapewa mikono na watu. Ningemjibu nini? Nikisema ndiyo, nimemwanika baba yangu kanisani. Nikisema hapana, nimejibandika uovu nisioufanya, na nimemwambia mama huyu kwamba mgonjwa wake hakuhesabika kwangu. Nikasema lile neno tunalosema ofisini.

“Nitaangalia, mama.”

“Haya,” alisema. “Mungu akubariki.” Na akaniacha pale na baraka yake.

Njiani kurudi nyumbani nilimsubiri mama atangulie, kisha nikamuuliza baba. “Kwa nini ulisema nimekugeuzia? Unajua si kweli.”

Alivua koti lake, akalitundika begani.

“Na wewe,” alisema, “siku ile ulitaka niwaambie nini? Miti ilikuwa chini tayari.”

“Uliuona ule mwanga?”

“Macho yangu ni mazima,” baba alisema. “Sikuona kitu.”

 Nilitaka kumwomba msamaha kwa lile neno mzee. Lakini kwetu mtu hamwombi baba yake msamaha njiani tu hivi, bila kuketi, na tulipoketi mama alikuwepo, kisha majirani, na kesho yake nikaondoka.

Niliandika ombi la mnara mdogo upande wa mtoni. Nimeliandika tena kila mpango mpya unapoanza, na kila mara jibu ni kwamba nyumba za kule ni chache. Niliwahi kubishana na msimamizi mpaka akaniuliza kama ni kwetu. Nikasema hapana, si kwetu. Akasema, “Basi tulia.”

Yule mama wa mtoni bado tunakutana kanisani ninapokwenda nyumbani. Hunishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza habari za Nairobi. Mume wake yuko, anaendelea hivyohivyo. Hajaniuliza tena habari ya busta, hata siku moja. Mimi hukaa naye pale mlangoni muda mrefu kuliko inavyohitajika, nikisubiri aniulize, na yeye huzungumza habari ya mvua.